Ua la Dukani Kwenye Glasi ya Sidsel

Mtoto akiugua, ulimi wa mama hulegea. Ataahidi mwanasesere, ataahidi farasi, ataahidi hata kitu ambacho hajawahi kukishika mkononi, ilimradi machozi yakauke na mtoto alale. Dagny, mke wa Vagn wa treni ya mizigo, hakuahidi farasi. Aliahidi ua tu. Sasa sikilizeni, akina mama wenzangu, ua hilo lilimfikisha wapi.

Lilianza mezani jikoni, mwezi wa kumi, siku ya mvua. Mama mkwe wake, Bibi Ragna, alirudi sokoni na mfuko wa karatasi wenye vitunguu vitano vya hiasinti. Si vitunguu vya kupikia. Hivi ni vya maua, vinene, vyenye maganda makavu yanayong'aa kama karatasi ya peremende. Kila mwaka nyumba zote za mtaa ule hupanda vitunguu vya namna hiyo kwenye glasi za shingo nyembamba, huvificha gizani hadi mwaka mpya, kisha huvipanga madirishani vikiwa vimevishwa kofia za karatasi zenye ncha, nyekundu, kijani na za dhahabu. Barabarani kumejaa theluji, jua linachungulia saa chache tu na kuondoka, lakini ukipita utadhani kila dirisha lina watoto wa karamu. Chini ya kofia chipukizi hurefuka kwa kutafuta mwanga. Likiisukuma kofia juu, unajua ua limefika.

Sidsel alikuwa na miaka saba na pengo la meno mawili ya mbele. Bibi yake alimruhusu achague.

"Ganda jeupe, ua jeupe," Bibi Ragna alimwambia. "Ganda la zambarau, ua la buluu. Macho yako tu."

"La zambarau. Hili nene. Mbona linaniwasha?"

"Linakusalimia. Usijikune, usijishike macho, nenda kanawe. Haya, sasa maji. Yasiguse kitako cha kitunguu. Yakaribie tu, kama mtu anayenusa supu ya jirani."

"Yakigusa?"

"Kinaoza. Kila kitu kinachokaa majini bila kazi kinaoza. Muulize baba yako siku za likizo."

Vagn, aliyekuwa amezama kwenye gazeti, alisema, "Nimesikia, Mama."

Kikapatikana kitunguu cha Sidsel, kikakaa juu ya glasi yake ya kijani kama yai kwenye kikombe. Ikabaki kukipeleka gizani. Magoti ya Bibi Ragna yalikuwa yameshazikataa ngazi za stoo ya chini miaka miwili nyuma, kwa hiyo Dagny ndiye aliyeteremka na sinia la glasi tano.

"Penye giza na baridi," bibi alimwambia kwa juu. "Baridi kuliko pote."

Dagny alizaliwa ghorofa ya tatu katika jiji kubwa, nyumba isiyo na stoo wala bustani. Alitazama huku na huku. Upande mmoja kulikuwa na viazi. Upande wa pili, chini ya tundu la hewa, kulikuwa na rafu ya mbao ambapo matofaa ya majira ya baridi yalikuwa yamelazwa safu safu, yasigusane. Hapo ndipo palipokuwa na baridi kuliko pote. Akasogeza matofaa, akaziweka nne za mama mkwe chini sakafuni karibu na mlango kwa kukosa nafasi, na ya Sidsel, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda zaidi, akaiweka rafuni katikati ya matofaa, pahali pazuri kuliko pote. Akapanda ngazi akiwa ameridhika.

Wiki ya kwanza ya Desemba Sidsel aliamka na koo lililovimba. Kufikia mchana mwili ulikuwa mwekundu kama uliopigwa na upupu, na ulimi umejaa vipele. Daktari hakukaa hata dakika tano. Homa nyekundu, akasema, na wiki sita za kutengwa. Gari la wagonjwa lilifika kabla ya chakula cha jioni, watu wawili wakamviringisha mtoto kwenye blanketi la kijivu hadi ikabaki pua.

Dagny alikimbia nao hadi mlangoni akiwa na soksi tu.

"Nitarudi lini?" Sidsel aliuliza ndani ya blanketi.

Hebu mwambie mtoto wa miaka saba wiki sita. Ni sawa na kumwambia kamwe. Dagny alitafuta maneno, na yaliyokuja yalikuja matamu.

"Hiasinti yako ikichanua, siku hiyohiyo utakuwa nyumbani."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo, mwanangu."

Pua ikatikisika kwa kukubali, gari likaondoka. Dagny alirudi ndani akijipongeza kwamba mtoto hakulia. Bibi Ragna alikuwa amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akimtazama.

Nyumba ya homa ilikuwa mwisho wa mji, ya matofali ya manjano, ya ghorofa moja. Mzazi haingii. Jumapili na Jumatano, saa nane hadi saa tisa, mnasimama nje juu ya theluji iliyokanyagwa, kila mtu kwenye dirisha la mwanawe, na nesi akiwa na huruma hufungua kidirisha kidogo cha juu ili sauti ipite. Kitu kikishaingia hakitoki. Mwanasesere, kitabu, kalamu za rangi, vyote siku ya mwisho hutiwa kwenye tanuri, maana ugonjwa hujificha humo. Kwa hiyo watoto walikuwa na desturi yao wenyewe, hakuna mkubwa aliyewafundisha: anayekwenda nyumbani huzunguka kitanda kwa kitanda, anaaga, na kuwagawia wanaobaki kila alichonacho. Ukishagawa umeshagawa.

Dagny hakukosa siku hata moja. Sidsel alipanda juu ya kiti, akabandika paji la uso kwenye kioo. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo msichana mkubwa kidogo, Ketty, wa miaka kumi na mmoja, aliyekaa humo tangu Oktoba na kujua kila kitu.

"Imeota?" ndilo lililokuwa swali la kwanza kila mara.

"Iko chini, imelala."

"Usiiamshe."

"Siiamshi."

"Mama, Ketty anasema mama yake ana kofia kama sufuria."

"Shh, yuko dirisha la pili, atakusikia."

"Anajua. Ketty amemwambia."

Krismasi ilipita hivyo. Dagny alipitisha mlangoni mioyo ya karatasi iliyosukwa, nyekundu kwa nyeupe, kumi na miwili, pamoja na kisanduku cha rangi. Nyumbani walikula uji wa mchele wakiwa watu wazima watatu, na ile lozi moja inayofichwa ndani ili atakayeipata apewe zawadi ikaangukia kwa Vagn, akaiweka kando ya sahani na asiitafune.

Baada ya mwaka mpya Dagny akazipandisha glasi tano. Mizizi ilikuwa imejaa, mizuri, myeupe kama ndevu za mzee. Machipukizi yametokeza urefu wa kidole. Bibi Ragna akavaa miwani, akazipitia moja moja kwa ncha ya kidole, akitenganisha majani na kupapasa katikati. Nne akazivisha kofia. Ya tano akairudia mara mbili.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Ya Sidsel? Kwenye rafu, penye tundu la hewa. Penye baridi kuliko pote, kama ulivyosema."

"Na matofaa yalikuwa wapi?"

"Hapohapo rafuni. Pande zote mbili."

"Tofaa likikaa linaiva," Bibi Ragna alisema taratibu, "na linapoiva linapumua. Pumzi yake inaliua ua kabla halijatoka. Mama yangu alikuwa hapitishi hata tofaa moja karibu na vitunguu vya maua. Papasa hapa. Unasikia nini?"

Dagny akaingiza kidole. Majani mawili, matatu, na katikati, pale chipukizi lilipotakiwa kuwa gumu na nene, kulikuwa na kitu kidogo kilichokauka, kama kijiti cha kiberiti.

"Labda bado," alisema.

"Labda." Kisha mwanamke yule mzee akavua miwani na kuifuta kwa aproni muda mrefu. "Kosa ni langu. Nilidhani kila mtu anajua habari ya matofaa. Wewe ulikulia kwenye ngazi za watu, ungejuaje."

Dagny alikivisha kitunguu kile kofia ya dhahabu hata hivyo, akakiweka dirishani katikati ya wenzake. Alikibadilishia maji. Alikigeuza kila asubuhi. Kwenye dirisha la nyumba ya homa, Sidsel alipouliza, "Imevaa kofia?" alijibu, "Imevaa," na hilo halikuwa uongo. Mwiba wa kwanza huingia hivyo, bila damu.

Kofia nne zilianza kupanda. Ile ya dhahabu haikusogea.

Jumatano ya katikati ya Januari ndiyo iliyokuwa siku ya kutoka. Ijumaa iliyoitangulia, mwenye duka la vyakula alituma mtu: Dagny anaitwa kwenye simu. Alikuwa Sista Gudrun, nesi wa wodi, mwanamke mwenye sauti nene ambaye hakupenda kuzungusha maneno.

"Mama Sidsel, sikio linatoa usaha. Daktari hawezi kumtoa. Wiki tatu tena, kuanzia Jumapili hii, na huo ndio uchache wake."

"Wiki tatu."

"Si hatari, yuko macho, anakula. Ila hatoki. Nimwambie mimi, au utamwambia mwenyewe Jumapili?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Aliweka simu, akatoka, na miguu yake ikampeleka njia ya mbali, ile inayopita mbele ya duka la maua. Dirisha lilikuwa limejaa hiasinti za buluu zilizochanua hadi zimeinama kwa uzito, na kioo kilikuwa na mvuke kwa ndani. Dagny alisimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Alijiwazia hivi: mtoto atapata habari mbaya, basi kwanza apate kitu kizuri. Nimchangamshe, halafu nimwambie. Kila mama anayenisikiliza hapa ameshawahi kufanya hesabu hiyo.

Akaingia, akanunua moja. Nyumbani aliling'oa ua lile kwenye chungu chake, akalisafisha udongo kwenye beseni, mzizi kwa mzizi, akalikalisha kwenye glasi ya kijani. Kitunguu cha Sidsel akakihamishia kwenye kikombe kilichovunjika mkono.

Bibi Ragna alikuwa anamenya viazi.

"Unamvisha mtoto wa jirani nguo za mwanao," alisema bila kuinua kichwa.

"Ni la buluu kama lake."

"Naona. Na njia ya mwongo ni fupi, hilo nalo naliona."

"Si uongo, Mama. Ni ua. Nataka afurahi dakika moja kabla sijamvunja moyo."

"Dakika moja." Kiazi kikadondoka majini. "Haya. Wewe ndiye mama yake."

Jumapili hakukuwa na upepo. Dagny aliibeba glasi ndani ya koti, akaizungushia shali, akasimama kwenye dirisha lake. Sidsel alipanda kiti. Sikio lilikuwa limefungwa pamba na bendeji kuzunguka kichwa, jicho moja limevutwa kidogo. Dagny alifungua koti na kuliinua ua hadi kwenye kioo.

Hajawahi kuuona uso wa mtoto ukibadilika namna ile. Ulifunguka wote. Sidsel alilitazama ua, akamtazama mama yake, akaruka kutoka kitini na kupotea.

Dagny alicheka peke yake pale nje. Amekwenda kumwita Ketty, alifikiri. Alingoja. Akalibadilisha ua mkono. Alisikia ndani sauti za watoto zikipanda, kisha zikatulia moja moja. Alijinyoosha kwa vidole vya miguu. Akamwona Sidsel upande wa mbali wa wodi, ameshavaa shali yake na kandambili za hospitali, anakwenda kitanda kwa kitanda. Kwa kila kitanda alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kuwaaga wakubwa, na kuacha kitu juu ya blanketi. Moyo mmoja wa karatasi. Moyo mwingine. Kitabu cha picha. Ketty akapewa kisanduku cha rangi. Mtoto mdogo kuliko wote, aliyekaa kwenye kitanda cha vyuma, akapewa sungura wa kitambaa ambaye Sidsel alikuwa hajawahi kulala bila yeye tangu azaliwe.

Hapo ndipo Dagny alipoyakumbuka maneno yake mwenyewe. Siku hiyohiyo, mwanangu.

Kidirisha cha juu kikafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa Sista Gudrun.

"Mama Sidsel, umemwambia nini mtoto huyu?"

"Sijamwambia kitu."

"Anataka viatu vyake. Anasema anakwenda nyumbani."

Sidsel naye alirudi, akapanda kiti, mashavu yamewaka. Mikono ilikuwa mitupu.

"Nimeshaaga," alisema. "Sista, mfungulie mlango."

"Mwanangu," Dagny alisema, "sikiliza kwanza. Sikio lako..."

"Haliumi sana. Ua limechanua, Mama. Nimeliona."

"Limechanua, ila..."

Neno la kweli lilikuwa pale, mlangoni mwa meno. Ua hili si lako, na ahadi ile ilikuwa maneno tu. Sista Gudrun alingoja. Mtoto alingoja. Dagny aliyatazama macho yale, akashindwa.

"Bado kidogo tu," alisema. "Siku mbili, tatu."

Sista Gudrun alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akikanyaga barafu nyembamba. Sidsel hakulia. Alishuka kitini, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda chake akiwa na shali shingoni na kandambili miguuni, akakaa hivyo hivyo, akiukabili mlango. Saa tisa kengele ikapigwa. Alikuwa bado amekaa.

Jumatano hakuja dirishani.

"Anasema niseme amelala," Sista Gudrun alieleza. "Nami sisemi uongo, kwa hiyo nakwambia anachosema. Yuko macho. Tangu jana mchana hajagusa maziwa. Joto limepanda kidogo. Siku mbili tatu ulizompa alizihesabu, na leo asubuhi akavaa shali tena."

"Wenzake hawawezi kumrudishia sungura?"

"Nilimwambia yule mdogo arudishe. Sidsel mwenyewe akakataa. Amesema ukishagawa umeshagawa."

Dagny alirudi nyumbani na kukaa jikoni bila kuvua koti. Ua la dukani lilikuwa mezani, limejaa, na harufu yake imekamata nyumba nzima hadi kwenye mkate. Wengine huipenda harufu ile. Kwake ilikuwa imeanza kuuma nyuma ya macho.

"Tumnunulie mwanasesere," Vagn alisema. Alikuwa ametoka kazini, mikono bado myeusi. "Mkubwa. Mwenye macho yanayofumba."

"Mlimpelekea ua akavaa kandambili," Bibi Ragna alisema. "Mkimpelekea mwanasesere atavaa koti."

"Sasa wewe unasemaje, Mama?"

"Mimi sisemi. Nilisema Ijumaa."

Kisha bibi akasogeza kiti chake karibu na cha mkwewe, jambo asilolizoea, akaanza kumfungua vifungo vya koti kimoja kimoja kana kwamba ni mtoto.

"Unamwogopa," alisema.

"Namwogopa kulia kwake. Nikiwa siwezi kumshika. Kama angekuwa mapajani mwangu ningemwambia lolote, angelia, ningemshika, yangekwisha. Pale kuna kioo. Atalia nami nitakuwa nimesimama thelujini kama mti."

"Basi utasimama," Bibi Ragna alisema. "Mti nao ni kitu. Mtu anauegemea."

Jumapili ilikuja na upepo wa baharini unaokata masikio. Dagny alilitoa ua la dukani kwenye glasi, akaliacha mezani. Alikivua kitunguu cha Sidsel kofia yake ya dhahabu. Chini yake majani yalikuwa yamekua kwa kujinyoosha, membamba, ya manjano, yameangukia upande mmoja kama nywele za mtu aliyeamshwa, na katikati yake hakukuwa na kitu. Alikirudisha kwenye glasi ya kijani, akakitia ndani ya koti, akaenda.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Sidsel alikuwa amelala akielekea ukutani, bendeji tu ndiyo ilionekana.

"Sista," Dagny alisema, "nifungulie kidirisha. Sitaki aje. Asikie tu."

Sista Gudrun alifungua, akakaa kando na mikono kifuani. Upepo uliingia, watoto wakavuta mablanketi. Dagny alilazimika kupaza sauti, na wodi nzima ikamsikia, na wazazi wa madirisha ya jirani pia, pamoja na mama mwenye kofia kama sufuria.

"Sidsel, usiamke kama hutaki. Lile ua la Jumapili iliyopita si lako. Nililinunua dukani, nikalitia kwenye glasi yako."

Bendeji haikusogea.

"Lako halikuchanua na halitachanua. Nililiweka kwenye matofaa. Sikujua kwamba matofaa yanaua maua. Bibi hakuniambia na mimi sikuuliza. Nimekuja nalo hapa. Ni majani tu."

Ketty alikuwa ameshapanda kitini badala ya mwenzake, pua juu ya kioo.

"Kweli ni majani," alitangaza kwa wodi. "Mabaya. Mabaya sana, Sidsel. Kama vitunguu vya supu vilivyosahauliwa. Hili hawezi kuwa amelinunua, hakuna duka linaloweza kuuza hili."

Kitanda kimoja kikacheka. Dagny aliendelea kabla ujasiri haujamtoroka.

"Na ahadi ile niliyokupa mlangoni, sikuwa na haki ya kuitoa. Ua halijui siku ya kurudi kwako. Nami sikuijua. Nilisema hivyo ili usilie. Daktari amesema wiki tatu kwa sababu ya sikio. Sista aliniambia kabla ya Jumapili ile, nami nikanyamaza. Moja imekwisha, zimebaki mbili."

Sasa alilia, ndiyo. Yule mtoto. Alilia akiwa bado ameelekea ukutani, mabega yakipanda na kushuka, na Dagny akasimama nje na glasi mkononi, asiweze kufika, machozi yake mwenyewe yakigeuka baridi mashavuni. Hakusema "nyamaza". Hakusema "bado kidogo". Alisimama. Lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyowahi kufanya.

Kisha kandambili zikasikika sakafuni. Ketty akashuka, Sidsel akapanda. Pua ilikuwa inachuruzika, uso umevimba upande wa sikio. Alilitazama lile tunguu la majani muda mrefu, kwa makini, kama Bibi Ragna na miwani yake.

"Ni langu," alisema. "Lina ganda lililochanika pale. Nililichana mimi."

"Ndiyo lako."

"Bibi amekasirika kuhusu matofaa?"

"Amesema kosa ni lake."

"Bibi?" Sidsel aliwaza hilo. "Anaumwa?"

"Haumwi."

Sista Gudrun alikohoa namna ya mtu anayeficha kicheko, akatoka kwenda kuchukua kikombe cha maziwa bila kuambiwa.

"Wiki mbili ni siku ngapi?"

"Kumi na nne."

Sidsel akavifungua vidole vyake kumi juu ya kioo, akavitazama, akageuka. "Ketty, niazime vinne."

Mkono wa Ketty ukaja kutoka chini, vidole vinne, ukabandikwa pembeni. Dagny akaweka kiganja chake upande wa nje. Kioo kilikuwa baridi, na baada ya muda mfupi hakikuwa baridi sana.

"Na daktari akisema tena bado?"

"Nitakuja kukwambia amesema bado."

"Siku hiyohiyo?"

Dagny alifikiri kabla ya kujibu, na kufikiri huko kulikuwa kugeni kwake. "Kama ni siku ya kuja, siku hiyohiyo. Kama si siku ya kuja, nitampigia Sista simu, naye atakwambia mchana uleule. Yeye hasemi uongo."

"Hata kama nitalia?"

"Hata kama utalia."

Mtoto akavuta kamasi, akapokea kikombe cha maziwa kutoka kwa Sista Gudrun, akanywa nusu akiwa amesimama kitini, na akaacha masharubu meupe juu ya mdomo. Kengele ya saa tisa ikapigwa. Wazazi wengine walianza kuondoka wakiwa wamekunja shingo kwa upepo, ila Dagny alibaki, akingoja apewe ruhusa.

"Nenda, Mama," Sidsel alisema. "Unatetemeka. Nimeshajua sasa."